Adelaïde Alivyopunguza Mwili

Watu wa Kingi, kijiji cha milimani, walianza kumjua Adelaïde kwa mwili wake, jina likafuata baadaye. Siku alipoletwa kwa Polycarpe kama bibi arusi, mama mkwe alimpokea mlangoni, akamzungusha taratibu kama mtu anayekagua kitambaa cha kikwembe sokoni, kisha akawageukia majirani na kusema mwanawe ameoa kwenye nyumba ambayo watu wanakula. Adelaïde alicheka kwa haya. Tangu siku ile unene ukawa kama cheo chake. Alipozaa akanenepa. Alipofiwa na mtoto wa pili akanenepa tena. Kwenye benchi la kwaya wenzake walijisogeza bila kuambiwa, na padri akija kula kwao, Polycarpe alifurahi mgeni aone jinsi mke wake alivyoshiba.

Mvivu hakuwa. Shamba lao la maharagi na mihogo liko juu mlimani, na alilima kama wanawake wengine, ila alipanda kwa kupumzika, mkono kiunoni, na waliokuwa wakishuka walizoea kumkuta ameketi kwenye jiwe akitafuta pumzi. Jioni alipika kuliko mtu yeyote wa upande ule. Mwanawe Samy, anayechimba madini huko Omate, Walikale, alimtumia madumu ya mawese kupitia kwa madereva, na Adelaïde hakuyabania. Sombe yake, yale majani ya mihogo, iliogelea kwenye mafuta, maharagi yake yaling'aa, na bonge la bugali alilojiwekea lilikuwa la mwanamume aliyeshinda kutwa akipasua mbao.

Kisha vita vikapita Kingi. Havikuwa vya kwanza, lakini vilimkuta Adelaïde na mwili ule, na magoti yaliyokwisha kuchoka kuubeba. Watu walitoka asubuhi kupanda milimani, kila mmoja na alichoweza kichwani. Polycarpe alikuwa mbele, amembeba mama yake mzee mgongoni. Adelaïde alitembea kidogo akasimama, akatembea kidogo akasimama, mpaka msururu wote ukampita. Aliyebaki naye ni dada yake mkubwa, Olga.

Olga alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mrefu, mkavu, mjane asiye na mtoto, fundi wa kushona mwenye ulimi mkali kama mkasi wake. Angeweza kufika kileleni kabla ya wote.

"Yaya, wende," Adelaïde alimwambia, maana ndivyo alivyomwita dada yake tangu utoto. "Nitakufuata polepole."

"Nitaenda wapi bila weye? Pumua, tuende."

Walijificha kwenye shamba la mtama, Adelaïde akihema kama mvukuto. Bomu lilianguka juu ya njia, si karibu sana, lakini chuma kimoja kilipita katikati ya mabua kikampata Olga chini ya goti. Hospitalini walijaribu kuuokoa mguu. Wakashindwa.

Vita viliposogea mbali, watu wakarudi, na Olga akahamia kwa mdogo wake. Cherehani yake ya mkono iliwekwa karibu na dirisha, magongo yake yakaegeshwa ukutani. Hakuna aliyemlaumu Adelaïde. Olga mwenyewe hakuwahi kulitaja shamba lile la mtama. Alishona, alilalamikia chai kuwa baridi, aliwatania wateja. Lakini kila alipoinuka kwenda chooni, Adelaïde alisikia magongo yakigonga sakafu ya udongo, akaweka chini alichokuwa amekishika.

Asubuhi moja alikwenda kwenye kituo cha afya, akaketi kwenye foleni katikati ya wanawake wenye watoto wadogo. Muuguzi wa pale, Jeannette, alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kupima mikono ya watoto waliokonda na kuwahimiza mama zao kuwapa uji. Zamu ilipofika akamtazama Adelaïde, akatafuta mtoto aliyekuja naye, asimwone.

"Mama, uko naumwa nini?"

"Siumwi. Niko nataka kupunguza mwili."

Jeannette aliweka kalamu chini. "Juu ya nini?"

"Juu siku tutakimbia tena, muntu asinigojee."

Jeannette hakucheka. Alimfunga mkono kwa kile kipimo cha presha, akakunja uso, akapima tena. Kisha akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Sikia vizuri," alisema. "Ya kwanza, usijinyime chakula kabisa. Ukikaa na njaa mwili unakula nyama yako wenyewe, mafuta inabaki pale pale. Halafu usiku unakula kwa hasira. Tumeelewana?" Akachora duara juu ya meza kwa kidole. "Hii ni sahani yako. Nusu ikuwe majani: lengalenga, shu, sombe ya mafuta kidogo. Hapa maharagi. Hapa bugali, kama ngumi yako, isipite. Mawese upime na kijiko, usimwange. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, uache. Sukari ya ndani ya chai, uache."

"Na miguu?"

"Utembee kila siku mpaka jasho litoke, lakini ukuwe unaweza kuzungumuza. Ukishindwa kuzungumuza, umezidisha. Na nyumbani ukae kwa kiti, uinuke bila kushika kintu, ukae, uinuke. Magoti yatalia mwanzo. Bintu hivi biwili biende pamoja, Mama. Ukipunguza chakula bila kutembea, utakuwa mudogo na bila nguvu. Ukitembea na unakula kama zamani, utachoka bure."

Adelaïde alishukuru, akarudi nyumbani, na akafanya kile hasa alichokatazwa. Aliona njia ya Jeannette ni ndefu mno, na vita havimngojei mtu apungue ngumi kwa ngumi. Akaacha kula mchana. Asubuhi alikunywa maji ya moto, akapanda shambani na jembe, akalima mpaka macho yakaona giza. Siku ya soko, wanawake walimkuta ameanguka kati ya mistari ya maharagi, midomo imekauka. Walimteremsha kwa kumshika huku na huku. Olga alimngoja mlangoni, magongo kwapani.

"Hiyo njo ulifundishwa?" Olga aliuliza.

"Nilitaka iende mbio."

"Ulitaka kufa mbio. Mimi sina miguu ya kukuzika. Kaa pale, kula."

Tangu hapo Olga akawa msimamizi. Chakula kilipoiva, Adelaïde alileta sahani yake mbele ya dada yake kabla ya kukaa, na Olga aliikagua kama anavyokagua mshono. Bugali likizidi alilikata kwa mwiko. Majani yakipungua alisukuma sufuria. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikaratusi, alimwamuru Adelaïde akae kwenye kiti na kuinuka, akae na kuinuka, naye akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti yake ya kukwaruza, ili mwenzake afuate mwendo. Magoti yalilia kweli. Wiki za kwanza Adelaïde aliinuka huku machozi yakimtoka, na Olga hakuacha kuimba.

Kutembea kulikuwa na shida nyingine. Kingi si mahali ambapo mtu anatembea kwa kutembea tu. Mwanamke anayepita njiani bila mzigo, asubuhi, haraka haraka, anaulizwa anapeleka habari kwa nani. Mara ya kwanza watu wenye silaha walimsimamisha kwenye njia panda, na alipowaambia anafanya mazoezi ya mwili, kijana mmoja mwenye bunduki aliwageukia wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Walimwacha, lakini alikatisha matembezi, akarudi nyumbani. Kuanzia siku ile alibeba jembe begani hata kama hakwenda kulima, na dumu tupu mkononi. Hakuna anayeuliza mwanamke mwenye jembe na dumu anakwenda wapi. Alipanda mpaka shambani, akashuka, akapanda tena, akijisemea Baba Yetu kwa sauti ili ajue kama bado anaweza kuzungumza.

Kilichomshinda zaidi ni jioni. Njaa ya jioni ilimjia kama mgeni anayejua kila kona ya nyumba. Mawese ya Samy yalikaa kwenye dumu yakinukia, na yeye akipima kijiko. Polycarpe alikula mbele yake kama zamani, na Adelaïde alimtazama akichovya tonge, akalichukia tonge, akamchukia na mume. Halafu akanywa maji, akaenda kuosha vyombo.

Mwili ukaanza kusikia. Haukwenda haraka, na haukwenda sawasawa. Uso ulitangulia, kisha mikono, kisha siku moja kikwembe ambacho kingo zake zilikuwa zinabusiana tu kiunoni kikazunguka na kubaki. Olga alianza kubana nguo zake. Alibana gauni la kanisani, na baada ya msimu wa mihogo akalibana tena.

"Hii nguo nilikushonea na kitambaa ya batu wawili," alisema, pini mdomoni. "Sasa huyu mwingine nimutupe wapi?"

Adelaïde alicheka mpaka akashika ukuta. Huo ulikuwa wakati mzuri, na baadaye alipoukumbuka alishangaa kwamba uliwahi kuwapo.

Lakini nje ya nyumba hakuna aliyeuona uzuri wake. Huko kwetu mwanamke akikonda, watu hawasemi amepona. Baada ya misa, Nadine wa kwaya alimvuta kando, akamshika mkono kwa upole uliojaa msiba.

"Mama Samy, kama ni ile ugonjwa, usifiche. Tutakuombea."

Ndugu za Polycarpe walifika na kuku wawili, wakala mmoja, wakamwachia wa pili kwa sharti amchinje mbele yao. Polycarpe alivumilia maneno kwa muda mrefu, maana ni mtu mpole, lakini jioni moja yalimtoka.

"Batu wananiuliza kama nakunyima chakula."

"Uwaambie niko najifunza kukimbia."

"Sasa nitawaambia vile namna gani?"

Adelaïde aliendelea kuchambua lengalenga, na Polycarpe akatoka kukaa nje peke yake.

Siku aliyofika shambani bila kuketi kwenye lile jiwe la njiani, hakumwambia mtu. Alisimama juu, akaiona barabara na ng'ombe wa Kanyamibwa, mzee mfugaji wa pale, wakila majani kwenye mteremko wa pili, akasikiliza kifua chake. Kilikuwa kikipumua kama cha mtu wa kawaida. Jeannette alipompima presha, alipima mara mbili kama siku ya kwanza, ila safari hii uso haukukunjwa. "Endelea hivi hivi," alimwambia. "Usikonde kupita hapa. Sasa ulinde nguvu yako."

Yeye na Olga walizungumzia pia siku ya kukimbia, kwa sababu ingekuja. Walipatana na mwendesha pikipiki wa jirani: bunduki zikilia, atampakia Olga kwanza kabla ya mteja yeyote, ampeleke mjini Kitshanga. Kijana aliapa kwa jina la mama yake. Hakuwa mwongo. Siku ilipofika alikuwa na mama yake huyo huyo wa kupakia, na mke, na mtoto.

Ilikuwa asubuhi ya mavuno ya maharagi. Polycarpe alikuwa ameondoka kwenda Kitshanga kuuza magunia, na nyumbani walikuwa wanawake wawili tu, maana mama mkwe alikwisha kufariki. Milio ilianza upande wa chini, kule ambako watu hawakuitegemea, na kabla ya chai kuchemka njia ilikuwa imejaa watu. Pikipiki ya jirani ilipita mbele ya mlango ikiwa na watu wanne juu yake. Kijana alimwona Olga amesimama na magongo, akainamisha kichwa, akapita.

"Panda mugongoni," Adelaïde alisema.

"Weye umekuwa kichaa."

"Panda, yaya."

Alijifunga dada yake kwa kikwembe kama mtoto, magongo akamshikisha mkononi. Miguu ilikubali. Ile miguu aliyoifundisha kwa kukaa na kuinuka iliinuka na watu wawili, ikapita nyumba ya mwisho, ikaanza mlima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Alipanda, akihesabu mashina ya mikaratusi, na mgongoni alimsikia Olga akipumua sikioni mwake. Kwenye kona ya juu mguu uliteleza. Walianguka wote wawili, wakabiringika mpaka kwenye mtaro, na kile kigutu cha Olga kikajigonga kwenye jiwe. Olga hakulia. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu.

Adelaïde alijaribu kumfunga tena. Alimwinua, akapiga hatua chache, wakaanguka tena. Watu walipita pembeni yao, kila mmoja na mzigo wake, wengine na mtoto kila mkono. Hakuna aliyesimama, na Adelaïde hakuweza kuwalaumu.

"Unipeleke kwa Kanyamibwa," Olga alisema. "Yeye hatoki. Hawezi kuacha ng'ombe."

Nyumba ya Kanyamibwa haikuwa mbali, chini kidogo ya njia. Mzee alikuwa uani, fimbo mkononi, ng'ombe wamefungiwa nyuma. Aliwapokea kama watu waliokuja kusalimia.

"Umuweke ndani, kwa kitanda ya marehemu mama," alimwambia Adelaïde. "Muzee na kilema, watatufanya nini? Watapita kama wale wengine. Weye wende. Mwanamuke mwenye nguvu njo wanamutafuta."

Adelaïde alimlaza Olga, akamfunika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika mkono wake, akajua kwamba hatoki.

"Ungali unafanya nini hapa?" Olga aliuliza.

"Nabaki."

"Hapana. Sikia, Adelaïde. Asubuhi zote zile niliimba mpaka koo ikauka. Unafikiri nilikuwa naimba ubaki?" Akavuta mkono wake. "Polycarpe anakugojea. Ukibaki hapa watakuchukua, na mimi nitakuwa nangalia. Usinifanyie ile. Wende sasa, kungali njia."

Milio ikasogea. Kanyamibwa alisimama mlangoni, akamkazia macho. Adelaïde aliinuka. Alisema atarudi na Polycarpe na machela kesho kutwa, na Olga akasema vizuri, mlete na sindano za cherehani, zimebaki mezani. Ndivyo walivyoagana, kwa maneno ya sindano.

Akatoka, akatembea.

Sasa kuna jambo ambalo Adelaïde alimwambia mume wake mara moja tu, na hakulirudia. Alipofika juu, ukungu ukiwa umeifunika Kingi yote chini, aliona amewapita wengi waliomtangulia. Wanawake vijana walikuwa wameketi kando ya njia, wamevua viatu. Yeye hakuhitaji kuketi. Kifua kilikuwa wazi, magoti yalikuwa kimya, upepo ulipita kati ya nguo na mwili. Na kwa kitambo kidogo, labda kutoka mkaratusi mmoja hadi mwingine, alifurahi. Alikuwa mwepesi. Alikuwa anakimbia kama alivyokuwa ameomba. Kisha akakumbuka alichokiacha nyuma, na furaha ile ikakatika. Lakini ilikuwa imekuja, na yeye aliijua.

Safari ya kupitia milimani ilichukua siku kadhaa. Alilala kwenye shule na makanisa ya watu asiowajua, akabeba mtoto wa mwanamke mmoja aliyevimba miguu, akala viazi vya kuomba. Kitshanga alimkuta Polycarpe kwenye barabara kuu, kati ya pikipiki na ng'ombe, akitazama uso wa kila anayeingia. Alipomwona mkewe alipiga magoti pale pale kwenye tope. Kisha akatazama nyuma yake.

"Yaya iko wapi?"

Walijaribu kurudi. Kwenye kizuizi cha kwanza Polycarpe alipigwa kitako cha bunduki begani, na watu waliotoka upande wa Kingi waliwaambia hakuna anayepita. Walijenga kibanda cha turubai kwenye kambi ya wakimbizi, juu ya mawe meusi, wakangoja. Kila kundi jipya lilipoingia, Adelaïde alikwenda kuuliza. Kuna aliyesema nyumba za kule zimechomwa, kuna aliyesema hazikuguswa. Alichagua kuamini wa pili.

Kanyamibwa mwenyewe alifika wakati mvua zilipokuwa zinaisha. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na hakuwa na fimbo. Aliulizia kibanda chao, akakaribishwa, akaketi juu ya dumu. Adelaïde alimpa maji. Hakuyanywa.

"Mama, nilikuambia watapita," alianza. "Hawakupita. Walichukua ng'ombe, wakanichukua na mimi nizichunge njiani, juu ng'ombe zilikuwa zinakataa kuwafuata. Niliwaambia kuna mugonjwa ndani ya nyumba, hana muguu, muniachie nimupe maji. Walisema nitarudi jioni."

Polycarpe akamwambia aendelee.

"Nilitoroka nyuma ya siku nyingi. Nilipofika nyumbani, kitanda ilikuwa tupu. Nilimupata kwa njia ya kisima. Alitambaa mpaka karibu na mugomba ya mwisho. Magongo alikuwa nayo moja, ile ingine sijui. Mutungi ilikuwa pembeni yake." Mzee alifuta uso kwa kofia yake. "Nilimuzika pale. Nilisali. Sikujua wimbo mwenye alipenda."

Adelaïde hakupiga kelele. Aliuliza kama kisima kilikuwa mbali na pale alipomkuta. Kanyamibwa akasema hapana, si mbali. Akauliza tena kama njia ilikuwa ya kuteremka au ya kupanda. Akasema ya kuteremka. Adelaïde alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei, akainuka, akatoka nje akakaa kwenye mawe, na hakuingia mpaka Polycarpe alipomfuata.

Baada ya siku hiyo akaacha kula. Hakuamua. Chakula cha kambini kilikuwa kidogo: unga wa mahindi, maharagi yaliyokataa kuiva, mafuta kidogo kwenye kifuniko. Alipika, akampakulia mume, naye akajipakulia kiasi cha kuchafua sahani. Kutembea pia aliacha. Alikaa mlangoni mwa kibanda, kikwembe kichwani, akitazama watu wakipita. Mwili ambao ulikuwa umepungua kwa akili na jasho sasa ulianza kuporomoka wenyewe. Mapaja yakaisha. Mikono ikawa ngozi inayoning'inia. Tumbo peke yake likabaki, laini, kama kitu kilichosahauliwa. Majirani wa kambini hawakushangaa, maana hawakuwahi kumjua mnene, na huko kila mtu alikuwa anakonda.

Jeannette naye alikuwa amekimbia. Alikuwa akifanya kazi kwenye hema la wagonjwa upande wa pili wa kambi, na aliposikia Adelaïde yuko pale akaja na kipimo chake. Alimshika mkono wa juu, akauzungusha kwa vidole, akauachia.

"Mama Adelaïde, hii siyo ile nilikufundisha. Nilikuambia kutoka mwanzo. Njaa inakula nguvu, inaacha mafuta. Uniinukie kwa hiki kiti."

Kilikuwa kigoda cha chini. Adelaïde alijaribu, akashika ukuta wa turubai, ukalegea, akakaa tena.

"Unaona?" Jeannette alisema. Sauti yake haikuwa ya kugombeza. "Tuanze tena polepole. Nitakutafutia majani. Utembee mpaka kwa hema yangu kila siku, basi."

"Nikuwe na nguvu ya kufanya nini?"

"Ya kuishi."

"Mulinifundisha kutembea, mama munganga. Nilitembea. Nilitembea vizuri sana." Alimtazama Jeannette usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kama nilikuwa ningali munene, singeweza kumuacha."

Jeannette alifungasha kipimo chake, akamgusa bega, akasema atapita tena. Alipita tena, mara nyingi. Alileta lengalenga, wakati mwingine yai. Adelaïde alishukuru kila mara, na kila mara mgeni alipoondoka, aliwaita watoto wa kibanda cha jirani akawapa.

Polycarpe aliona yote haya. Alikuwa akibeba mawe kwenye ujenzi wa watu mjini, akirudi jioni na vumbi kwenye nyusi. Samy alipopiga simu kutoka Omate akataka kumsikia mama yake, Polycarpe alimwambia amelala. Lakini jioni moja alirudi mapema, na kifurushi cha maharagi kilichofungwa kwenye jani la mgomba, alichopewa na mtu. Hakumpa mkewe apike. Alichuchumaa mwenyewe mbele ya mafiga, yeye ambaye hakuwahi kugusa mwiko maisha yake yote, akapika mpaka maharagi yakaiva nje na kubaki magumu ndani. Majirani walimtazama, mwanamume mzima kwenye moshi. Alipakua sahani moja, akaiweka katikati yao.

"Mama Samy," alisema, "mimi sina nguvu ya kuzika muntu mwingine. Nakuambia tu ujue. Sina."

Adelaïde aliitazama sahani. Hakukuwa na majani, na mume alikuwa ametia chumvi nyingi mno. Nje watoto walikuwa wanagombania dumu, na mahali fulani redio ilikuwa inasoma majina ya vijiji. Alichukua kijiko, akakijaza nusu, akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu kuliko maharagi yalivyohitaji. Polycarpe hakugusa kijiko chake mpaka alipomwona amemeza. Alingoja cha pili. Kijiko kilikaa mkononi mwa Adelaïde, juu ya sahani, na chakula kikaanza kupoa, naye mume akaendelea kungoja.